Kupanga na kufunga ekzosi ya gari la zamani Tanga

Ekzosi ya gari linalolala Raskazone au Chumbageni haimalizwi na chumvi ya bahari peke yake. Mara nyingi huanza kuoza kwa ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na maji hayo hupita bombani yakiwa mvuke. Kama gari linakwenda Ngamiani na kurudi tu, sailensa haipati moto wa kuyakausha. Yanatuama chini, yanachanganyika na tindikali ya moshi na kulila bati polepole, kisha chumvi ya nje inamalizia kazi. Ndiyo maana mahali unapoiweka ekzosi na jinsi unavyoining'iniza vina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Maelezo haya yanahusu magari ambayo injini imekaa kwa urefu na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma: Land Rover 109, Peugeot 504 ya pikapu au stesheni, na zile V8 (injini za silinda nane) za Marekani kama Mustang na Chevrolet za miaka ya 1960.

Usitupe ekzosi ya zamani kabla hujaisoma. Ichokonoe kwa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Ikiwa imeoza chini, upande wa nyuma wa sailensa, ni maji. Ikiwa imetoboka juu huku chini ni nzima, ilikuwa inagusa chasisi au sakafu. Ikiwa imekatika karibu na flenji (bati la kuungia kwa bolti) ya manifoldi, yaani kipande kinachokusanya moshi kwenye injini, ilifungwa kwa kubana sana ikakosa nafasi ya kucheza. Ugonjwa huo usipoutibu, ekzosi mpya itakufa kifo kilekile.

Bomba

Bomba nene si lazima liwe bora. Moshi unatakiwa utoke kwa kasi. Ukiupa bomba pana mno unapoa, unapunguza mwendo, na injini inakosa nguvu kwenye mzunguko mdogo. Gari la namna hiyo linapiga kelele nzuri barabara ya Segera, lakini likifika kupanda Amani linakuomba gia ya kwanza kila kona. Injini ya silinda nne ya lita 2.25 inatoshwa na bomba la inchi 1¾ hadi 2. V8 ya lita 5 yenye mabomba mawili inataka inchi 2¼ kila upande, na 2½ kama imeongezwa nguvu.

Tafuta bomba la chuma lenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Stenlesi inadumu zaidi pwani, ukiimudu bei na ukimpata fundi anayejua kuichomelea. Bomba la maji lililopakwa zinki likatae hata fundi akikuhakikishia kwamba ni gumu. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa na baridi usiku ule. Tena ni zito: bomba la maji la inchi 2 lina karibu kilo 5 kwa mita, wakati la ekzosi lenye unene wa milimita 1.6 halifiki kilo 2. Uzito huo wote unabebwa na raba za kuning'inizia.

Kona ikikunjwa bila kitu ndani inabonyea na kubana njia. Fundi asiye na mashine ajaze bomba mchanga, aushindilie, azibe ncha zote mbili kwa mbao, apashe moto hadi chuma kiwe chekundu, ndipo akunje taratibu. Mchanga ukaangwe kwanza juu ya bati mpaka usitoe mvuke hata kidogo. Unyevu uliobaki ukipata moto unatanuka na kuifyatua mbao kama risasi, kwa hiyo mtu asisimame mbele ya ncha ya bomba. Na uwe mchanga wa mto. Wa ufukweni unaacha chumvi ndani ya bomba jipya.

Sailensa ikae wapi

Ziko za vyumba na ziko za nyuzi za glasi. Za nyuzi zina mlio mtamu, ila kwa safari fupi za pwani nyuzi zinalowa, zinaharibika, na baada ya muda zinapeperushwa nje kupitia mkiani. Kwa gari la kila siku Tanga, chukua ya vyumba.

Iweke katikati ya gari, karibu na injini kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa sababu kadiri inavyokaa nyuma ndivyo inavyokuwa baridi na kukusanya maji. Upande wa kutokea ushuke kidogo kuliko wa kuingilia. Mshono wa bati uelekee juu au pembeni, usielekee ardhini. Kisha toboa tundu moja la milimita 3 mahali pa chini kabisa, mwisho wa nyuma. Kelele haibadiliki, na ukiwasha asubuhi utaona matone yanadondoka. Hayo ndiyo maji yaliyokuwa yakiitoboa.

Kupima chini ya gari

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Gari linainuliwa, stendi zinawekwa chini ya chasisi, difu (ekseli ya nyuma yenye gia zake) inaning'inia, na bomba linapita juu yake likiwa na nafasi ya kutosha. Gari likishushwa na abiria wakipanda, difu inapanda nayo na kuligonga bomba kila shimo. Stendi zako ziwe chini ya difu yenyewe, uzito wa gari ukiwa umelala kwenye springi. Pakia mifuko minne ya saruji ya kilo 50 nyuma, halafu upime umbali uliobaki kati ya difu na raba yake ya kugongea. Bomba linalopita juu ya difu lizidi umbali huo kwa sentimita 2 au zaidi.

Kwingineko acha milimita 25 kutoka kwenye chasisi na sakafu, na 50 kutoka kwenye bomba la breki, bomba la petroli na nyaya. Zikikosekana 50, weka bati la kukinga joto lenye nafasi ya hewa pande zote mbili.

Injini hucheza kushoto na kulia unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo kishikizo cha kwanza cha bomba la mbele kifungwe kwenye giaboksi, kisifungwe kwenye chasisi, ili bomba licheze pamoja na injini. Kuanzia hapo kwenda nyuma tumia raba, moja kila baada ya mita moja hivi. Kipande cha tairi chenye nyuzi, kilichotobolewa matundu mawili, ni raba nzuri. Waya wa kufungia nondo haufai: haunyumbuki, na mtikisiko wote unahamia kwenye manifoldi.

Maungio ya kuchomekana yaingiliane sentimita 4 hadi 5, na bomba la mbele ndilo liingie ndani ya la nyuma, kufuata mwendo wa moshi.

Kwenye V8 yenye mabomba mawili, unganisha pande zote mbili kwa bomba la kati. Silinda za V8 ndogo ya Chevrolet (small-block) huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda 8 na 4 ziko upande mmoja na zinafuatana, vilevile 5 na 7 upande wa pili, kwa hiyo moshi unakuja kwa vishindo visivyo sawa. Bomba la kati linasawazisha. Liweke nyuma kidogo ya maungio ya manifoldi, mahali ambapo halitazuia kushusha giaboksi.

Kuchomelea na kufunga

Piga pointi tatu au nne kila ungio likiwa kwenye gari, tikisa, pima upya, kisha shusha yote ukachomelee pembeni. Ukilazimika kuchomelea likiwa kwenye gari, toa nyaya zote mbili za betri, funga ethi karibu kabisa na unapochomelea, na weka ndoo ya mchanga mkononi.

Uso wa manifoldi uwekee rula ya chuma. Ukiona mwanga unapenya, ukasawazishwe kwa mashine, kwa sababu gasketi mbili hazitaziba. Tumia nati za shaba nyekundu au njano, zile za chuma zitaganda kwenye stadi (vijiti vya nyuzi vya manifoldi). Kaza kuanzia katikati kwenda nje. Washa mpaka ipate moto, zima, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena.

Mkia utokeze sentimita 5 nje ya bodi na usiishie chini ya dirisha. Gari likienda, hewa ya nyuma yake inavutwa ndani, hasa kwenye Land Rover ya turubai, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu.

Mwisho, injini ikiwa ya baridi, washa na mwenzako azibe mkia kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache. Paka maji ya sabuni kwenye kila ungio. Povu likitokea, pana upenyo hapo. Injini ikiendelea kunguruma bila kulalamika, uko upenyo mkubwa zaidi ambao bado hujaufikia kwa sabuni, na aghalabu ni kwenye gasketi ya manifoldi.