Milinganyo ya hatua mbili: MAGAZIJUTO kinyumenyume

Jirani yangu alitoka Soko la Majengo na kilo 3 za zabibu. Bajaji 2,000, jumla katumia 11,000, bei ya kilo kaisahau. Mwanawe akagawa 11,000 kwa 3, akapata namba yenye mkia mrefu, akaniletea daftari.

Tuanzie hapo. Bei ya kilo moja tuiite x:

3x + 2,000 = 11,000

Hatua ya 1. Jiulize x ilifanywa nini, na kwa mpangilio gani. Ilizidishwa kwa 3, kisha ikajumlishwa 2,000. Ni MAGAZIJUTO ileile ya shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

Hatua ya 2. Rudi kinyume. Wapakiaji wa mahindi pale Kibaigwa wanajua: gunia lililopanda lorini mwisho ndilo linaloshuka kwanza. 2,000 ilipanda mwisho, basi itoe pande zote mbili:

3x = 9,000

Hatua ya 3. Gawanya pande zote kwa 3: x = 3,000.

Hatua ya 4, ambayo wengi huiruka. Rudisha jibu mahali pa x: 3 × 3,000 + 2,000 = 11,000. Imekubali.

Mimi ule msemo wa "namba ikivuka inabadili alama" siupendi. Mtoto akifika kwenye 3x = 9,000 anaivusha ile 3 na kuandika x = 9,000 − 3, na huwezi kumlaumu, umemwambia ivuke. Mzoeze kusema "nimetoa 2,000 huku na huku". Ni mizani ya dukani: ukipunguza upande mmoja tu, inalala.

MASWALI

Mzazi, Kongwa: Mbukwenyi mwalimu! Kugawanya kwanza ni kosa? Kwenye 2x + 6 = 20 kijana wangu aligawanya kwa 2, akaandika x + 6 = 10, x = 4.

Jibu: Mbukwa! Si kosa, ila ukigawanya, na ile 6 igawanywe. Inakuwa x + 3 = 10, x = 7. Angeipima hiyo 4 yake angepata 14, si 20.

Mwanafunzi, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. 15 − 2x = 7, nimepata x = −4.

Jibu: Marahaba. Umetoa 15 vizuri, ikabaki −2x = −8. Ile alama ya kutoa ni mali ya 2, usiiache nyuma. −8 ÷ −2 = 4.

Bodaboda, Chang'ombe: Najiandaa na QT, mtihani wa maarifa. Yenye mabano je? 2(x + 5) = 24.

Jibu: Kaka, mabano yalifanywa kwanza, kwa hiyo yanafunguliwa mwisho. Gawanya kwa 2, x + 5 = 12. Toa 5, x = 7.

Mdau, Area C: Hizo zabibu za 3,000 ni meza ipi pale Majengo?

Jibu: Muulize mama jirani. Mimi nililetewa daftari tu.