Kumwaga oili ya kempa mwenyewe ukiwa likizo Moshi

Desemba gereji za Moshi hazina nafasi. Magari yote ya Dar yamepanda mlimani, kila fundi ana foleni, na wewe umekuja na kempa yako, yaani gari la kulala safarini, au uliiacha uani kwa wazee Kibosho tangu mwaka jana na sasa unataka kuipeleka Mto wa Mbu kabla likizo haijaisha. Kumwaga oili ni kazi ya asubuhi moja na unaweza kuifanya mwenyewe. Shemeji atakuuliza kama huko ughaibuni pesa zimeisha mpaka ulale chini ya gari. Mwache aseme, ila mpe tochi akumulikie.

Kwanza sahau ratiba uliyozoea Ulaya. Volkswagen, kwa mfano, ina magari ambayo huko yanaruhusiwa kwenda hadi kilomita 30,000 au miaka 2 kwa oili moja. Ratiba hiyo ni ya lami, safari ndefu na dizeli safi. Umoja wa Ulaya kikomo cha salfa kwenye dizeli ni sehemu 10 kwa milioni, Afrika Mashariki kwa miaka mingi kimekuwa 50. Ongeza vumbi la Simanjiro, milima ya Machame unayopanda kwa gia ya pili na kitanda, jiko na maji vikiwa nyuma. Mimi gari la namna hiyo nisingelipitisha kilomita 10,000, na la turbo ningelimwagia mapema zaidi. Kama limesimama mwaka mzima bila kutembea, mwaga hata kama kilomita hazijafika. Injini inayowashwa dakika tano tano ili betri isife hukusanya unyevu, na unyevu huo huishia kwenye oili.

Kwenye kuchagua oili ndipo mtakapobishana na fundi. Atakwambia uweke oili nzito, 20W-50 au namba 40, kwa kuwa huku ni joto na oili nyepesi "inaliwa". Kwa HiAce ya zamani ya petroli anaweza kuwa na hoja. Namba yenye W inaeleza oili inavyopita injini ikiwa ya baridi, ile ya pili inavyokuwa injini ikishachemka. Baridi ya Arusha ya mwezi wa saba si ya Oslo, hivyo hali ya hewa peke yake haikulazimishi kuweka 0W. Lakini kempa nyingi za dizeli za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho kinataka oili yenye majivu machache, zile ambazo dumu lake limeandikwa ACEA C2 au C3. Ukiweka oili ya lori, injini itanguruma vizuri tu, huku kichujio kinaziba polepole, na bei yake inaweza kukumaliza nauli ya kurudi. Fungua kitabu cha gari, piga picha ukurasa wa oili, nenda nayo dukani. Usikubali "hii ni ileile, bosi".

Dukani angalia kitu kingine: oili za kughushi zipo, na hupenda kuingia kwenye madumu halisi yaliyookotwa. Nunua kwa wakala anayejulikana au sheli kubwa, kagua ile pete ya kifuniko kama haijakatwa, na omba risiti. Ukimaliza, toboa madumu matupu. Mama atasikitika, maana dumu la lita 5 ni mali, lakini lisije likafika kwake likawekwa maji ya kunywa.

Sasa uwanja. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina mteremko, kempa inataka tambarare, la sivyo oili haitatoka yote na kipimo kitakudanganya. Magari mengi ya aina hii yako juu vya kutosha, unaingia chini bila jeki. Kama lazima uinyanyue, kumbuka kempa iliyojaa inaweza kufika tani 3 na zaidi, na udongo wetu ukilowa ni laini. Weka ubao mpana na mgumu chini ya jeki, kisha stendi za chuma, gia ndani, hendibreki juu, kabari kwenye matairi. Tofali usiliamini hata kidogo, linapasuka bila kuaga. Funga mtungi wa gesi na mwaga maji ya tangi, gari lipungue uzito.

Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, zima, subiri kidogo. Legeza kifuniko cha kujazia oili. Kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo utainua kiti kabla ya kuinua kitu kingine. Weka beseni. Nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ilegeze kwa soketi inayokaa sawasawa, si spana ya kubahatisha, kisha malizia kwa vidole huku umeisukuma kwenda juu, na ikifika mwisho uivute kando kwa haraka. Oili inaruka mbali mwanzoni, halafu inasogea karibu kadiri inavyopungua, kwa hiyo beseni nalo lisogee.

Wakati inatiririka, itazame. Weusi kwenye dizeli usikutishe, oili mpya huwa nyeusi baada ya siku chache tu. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia: usiwashe tena, ita fundi. Chota kidogo kwa kidole juani. Ukiona vumbi la chuma linang'aa, hiyo nayo ni kesi ya fundi. Na kama kipimo kilionyesha oili imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, huenda dizeli inavujia humo, jambo linalotokea kwa magari yenye kichujio cha masizi yanayozungushwa mjini tu, sokoni na kurudi.

Filta ikitoka, hakikisha mpira wake wa zamani umetoka nao. Ukibaki ukafunga mpya juu yake, oili itamwagika yote injini ikiwaka. Paka mpira mpya oili, funga kwa mkono. Nati ya sampu irudishe na wosha mpya, ianze kwa vidole. Uzi wa sampu ya aluminiamu ukiliwa, sikukuu imeharibika.

Jaza pungufu ya kiasi cha kitabu, pima, ongeza kidogo kidogo. Washa, hakikisha taa ya oili imezima, chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri, pima tena. Usizidishe: oili iliyopita alama hutoa povu, na povu halilainishi.

Kabla hujaokota vifaa atatokea kijana wa jirani. "Braza, hiyo oili chafu naiomba." Anataka kupaka nguzo za banda zisiliwe na mchwa. Ni desturi, lakini kisheria oili hiyo ni taka hatarishi, na kwenye mteremko mvua ya kwanza huipeleka kwenye mfongo, mfereji unaonywesha migomba ya watu. Ijaze kwenye dumu, funga, peleka gereji inayouzia wakusanyaji wenye kibali. Ujerumani muuzaji wa oili analazimika kupokea ya zamani; huku itabidi uulize mwenyewe.

Mwisho andika tarehe, kilomita na aina ya oili kwenye karatasi, uibandike upande wa ndani wa mlango wa dereva. Ukishapanda ndege KIA, mdogo wako ndiye atakayelipeleka gari kwa fundi, na hiyo karatasi ndiyo atakayomwonyesha akianza hadithi za namba 40.