Kani ya ubao kwenye mteremko: geuza karatasi kwanza

Mwanafunzi anayechora gunia la kilo 50 juu ya ubao wa kupakilia lori mara nyingi huandika kwamba ubao unalisukuma gunia kwa kani ya niutoni 500 (niutoni ni kipimo cha kani; kila kilo huvutwa chini kwa takriban niutoni 10), sawa na uzito wake, na hapo ndipo hesabu nzima huharibika. Ubao hausukumi wima. Husukuma kwa pembe mraba na uso wake, kwa hiyo hukabiliana na ile sehemu tu ya uzito inayoukandamiza. Kabla ya kuandika chochote, geuza karatasi mpaka mstari wa ubao ulale sawa mbele ya macho yako, kisha ugawe uzito: sehemu moja inakandamiza ubao, nyingine inafuata mteremko. Kwa mwinamo wa digrii 30, ya kwanza ni 500 mara kosaini ya 30, yaani takriban niutoni 433, na ya pili ni 500 mara saini ya 30, yaani 250. Ukisahau kama ni saini au kosaini, ulaze ubao kwa mawazo: pembe ikiwa sifuri, sehemu inayokandamiza ubao lazima irudi kuwa 500, na saini ya sifuri haiwezi kukupa hilo. Msuguano nao hukokotolewa kwa hiyo 433.