Kitenzi kimoja, vijineno viwili nyuma yake: namna ninavyovifundisha

Nilipokuwa mgeni kazini, bosi wangu aliniachia kijikaratasi mezani: "You can't keep getting away with it." Nilijua "get away" ni kuondoka. Nilijua "with it" ni nayo. Nikajumlisha: huwezi kuendelea kuondoka nayo. Basi kesho yake nikairudisha kamusi ya ofisi niliyokuwa nimeibeba nyumbani, nikaomba radhi kwa unyenyekevu mwingi. Bosi akanikodolea macho. Yeye alikuwa anasema kuhusu kuchelewa kwangu: kwamba sitaendelea kukosea hivyo bila kuchukuliwa hatua.

Siku hizi nafundisha watu wazima Kiingereza, na kila darasa lina mtu aliyewahi kurudisha kamusi yake. Asione haya. Samuel Johnson, Mwingereza mtunga kamusi, katika utangulizi wa kamusi yake ya Kiingereza ya 1755, alikwisha kuandika kwamba kitenzi kinapoongezewa kijineno nyuma, kama "up" au "out", na maana ikageuka, hapo ndipo wageni hupata taabu kubwa kuliko zote. Na hapo alikuwa anazungumzia kijineno kimoja. Sisi hapa tunavyo viwili, kama "away with" ya bosi wangu.

Anza kwa kutafuta mshono. Katika "run out of", neno "out" limegandana na "run" na ndilo lililobadili maana yake, kutoka kukimbia hadi kwisha. "Of" haina shughuli na kitenzi. Imegeukia mbele, inangoja nomino. Ndiyo maana ukiondoa nomino, "of" inaondoka nayo. "We've run out of paper", tumeishiwa na karatasi. Mtu akiulizia karatasi hizo, unamjibu "We've run out", basi. Vivyo hivyo "I can't keep up with her", siwezi kwenda naye sambamba, hufupika kuwa "I can't keep up". Mshono huo unaonekana pia pale neno jingine linapojipenyeza: "I get on well with her", tunaelewana vizuri. "Well" imekaa katikati ya "on" na "with", haswa pale ambapo sindano ilipita.

Vipo vikaidi visivyokubali kipimo hiki. "Look forward to" ni kutazamia kwa hamu. Sema "I'm looking forward" kisha unyamaze, na msikilizaji atakutazama akingoja umalizie. "Put up with", yaani kuvumilia, ni hivyohivyo. Hivi vimeze vizima. Wala usijaribu kuvibeba vijineno vyake na kuvitanguliza mbele kwa ajili ya usanifu. Upo mzaha wa zamani wa Waingereza kuhusu mtu aliyekataa kumaliza sentensi kwa kihusishi, yaani neno kama "of" au "with", akaishia kusema "up with which I will not put". Wanacheka mpaka leo.

Kiwakilishi kinawatisha wengi bila sababu. Kwa kijineno kimoja, kweli, kuna kusumbuka: tunasema "turn it off", si "turn off it". Kwa viwili, "it" inakwenda mwisho: "put up with it", "run out of it". Ila ukikutana na kitenzi chenye yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, na bado kihusishi kina nomino ya kwake, "it" ya kitenzi itabaki karibu na kitenzi: "I put it down to tiredness", nadhani chanzo ni uchovu.

Sasa kosa langu mwenyewe la miaka. Barua zangu zote za kuomba kazi zilimalizika kwa "I look forward to hear from you". Inatakiwa "to hearing". Nililifanya kosa hilo kwa sababu ya Kiswahili. Sisi tunasema natazamia kusikia, na ile "ku" inafanana sana na "to". Lakini "to" hii ni kihusishi, ndugu yake "of" na "with", na kihusishi hutaka kitu cha jina mbele yake. Kama huna hakika, weka nomino: "I look forward to the meeting" inakubali, kwa hiyo kitenzi kikija hapo lazima kivae "-ing".

Lakini angalia: tazama, tazamia. Kiswahili nacho kinafanya kazi hiyohiyo, ila sisi kijineno tumekimeza ndani ya kitenzi. Hapa ndipo penye raha ya somo zima, na ndipo ninapokaa muda mrefu. Chukua "on". Mara nyingi hufuatwa na yule aliyeumizwa na tendo. "She hung up on me": alinikatia simu. Kata, katia. "Don't take it out on me": usinitolee hasira zako. Toa, tolea. "He barged in on our conversation": alituingilia mazungumzo. Ingia, ingilia. Hata kwa kijineno kimoja tu, mtoto anayetishia kumshtaki mwenzake husema "I'll tell on you", nasi tunasema nitakusemea. Mwanafunzi akishaliona hili, haniulizi tena kwa nini ni "on" na si "to". Anajua kuna mtu amefanyiwa jambo. "Look down on", kudharau, na "walk out on", kutelekeza, vinaingia vyenyewe.

Usiishike kama sheria ya jela, hata hivyo. "Cut down on salt" ni kupunguza chumvi, na chumvi haiumii.

Neno la mwisho likibadilika, safari nzima inabadilika. "Catch up with" mtu ni kumfikia aliyekutangulia. "Catch up on" kazi ni kumaliza viporo. "Come up with" wazo ni kulibuni. "Come up against" kikwazo ni kukumbana nacho. "Get away from" ni kuponyoka, na "get away with" unaikumbuka. Kwa hiyo katika daftari usiandike "catch up" peke yake ukadhani umeweka akiba. Mimi huandika bila kuacha nafasi, "catchupwith", kama neno moja refu la ajabu, na pembeni naweka kitenzi cha Kiswahili: fikia, ishiwa, vumilia, buni, dharau, tetea kwa "stand up for", fidia kwa "make up for". Chini yake sentensi moja ya kweli kutoka maisha yangu. Orodha za mia mbili zinazouzwa kwa wanafunzi mimi huzitupa. Kumi zenye sentensi zako zinatosha mwezi mzima.

Utaambiwa utumie "tolerate" badala ya "put up with" kwa sababu ni neno moja. Katika ripoti, sawa. Kwenye mazungumzo na rafiki utasikika kama hakimu.

Kilichobaki ni sikio. Mkazo huangukia kijineno cha kwanza: "run OUT of", "put UP with", "look FORward to". Cha pili humezwa; "out of" ikisemwa haraka inakaribia "auta", na ndiyo maana mnasema hamkuisikia. Lakini kihusishi kikiachwa mwisho wa swali bila nomino yake, sauti yake kamili hurudi. Sema kwa sauti, polepole kisha haraka: "We've run out of time." "What have we run out of?" Katika ya kwanza "of" ni pumzi tu. Katika ya pili unaisikia "o" yake.