Ukiokota mnyama wa baharini usiyemjua

Bamvua likikupwa sana, huteremka na wanafunzi wangu hadi miambani tukiwa na ndoo, kioo cha kukuzia na daftari. Swali huwa lilelile: "Mwalimu, hiki ni nini?" Jina baadaye, nawaambia. Mtie kwenye ndoo ya maji ya bahari, umwache atulie. (Konokono mwenye umbo la pia asiguswe kabisa, wengine wana sumu ya kuua.)

Kisha tafuta juu na chini, mbele na nyuma. Usidharau hatua hii. Hallucigenia, kijidudu cha bahari ya kale kilichopatikana kwenye miamba ya Burgess, Kanada, kilielezwa mwaka 1977 kikiwa kimepinduliwa: miiba ya mgongoni ikadhaniwa miguu. Mwaka 1991 kikageuzwa, baada ya jamaa zake kupatikana China. Macho yake yalionekana mwaka 2015, tena upande uliodhaniwa mkia.

Sasa hesabu matundu. Hapa niliwahi kuaibika. Nilitangaza mbele ya darasa zima kwamba kifuko kilichoganda kwenye nguzo ya gati ni sponji, mnyama wa baharini. Binti mmoja akakibinya, kikanirushia maji usoni. Kumbe kilikuwa mnyama mwingine, aitwaye kwa Kiingereza "sea squirt", mwenye matundu mawili makubwa, moja la kuingiza maji na moja la kutoa. Sponji huvuta maji kwa vitundu vingi vidogo vidogo.

Mnyama aliyekomaa akikushinda kumtambua, mtafute mtoto wake. Mwanasayansi Mrusi Kowalevsky alionyesha mwaka 1866 kwamba mtoto wa kifuko kile huogelea kama kiluwiluwi, na mkiani ana ufito laini kama ule tunaoanza nao sisi tumboni mwa mama. Basi kifuko kile ni jamaa yetu wa karibu kuliko pweza! Vivyo hivyo wanyama wale wenye magamba makali wanaokwanguliwa chini ya mashua (kwa Kiingereza "barnacles"): walihesabiwa pamoja na chaza hadi mtafiti Thompson alipowaona watoto wao mwaka 1830. Kumbe ni ndugu wa kaa na kamba.

Ukipata maabara ya kupima vinasaba, hakikisha unapima mnyama mwenyewe, si alichokula. Xenoturbella, mnyoo wa bahari ya Sweden, mwaka 1997 aliwekwa ukoo wa chaza kwa sababu alikuwa amewala. Hata leo wataalamu wanavutana juu ya ukoo wake, na daftarini mwangu nimemwandika kwa penseli.

Maji yakianza kujaa, mrudishe mnyama ulipomtoa, na jiwe ulilopindua lipindue tena.