Namna ya kuitisha mkutano shuleni kwa ajili ya mtoto mwenye mahitaji maalum (Uganda), na kuuliza mambo ya pesa

Mimi ni mwalimu wa mahitaji maalum huku Busia, upande wa Uganda, na karibu kila wiki kuna mzazi ananisimamisha njiani, "mwalimu, shuleni nimeshaenda mara nne, hedimasta ananiambia tutaangalia." Mara nne! Nikimuuliza umeacha karatasi gani pale, hakuna. Sasa jameni, maneno ya mdomo yanaishia getini. Fuata hivi.

HATUA YA 1. Nunua daftari, andika wiki mbili

Usiandike "mtoto ni mzito" au "hasikii", hiyo kila mtu ataitafsiri anavyotaka. Andika kilichotokea na siku yake. Kuna mama mmoja anauza mukene (dagaa) sokoni, mtoto wake yuko P4, yaani darasa la nne, masikio yanamsumbua, alikuja na daftari imeandikwa hivi: "Jumanne mwalimu kasoma imla akiwa ameangalia ubao, mtoto kapata 2 kwa 10. Alhamisi kasoma akiwa amewageukia, kapata 7." Basi. Hiyo peji moja ilimaliza ubishi wote kwenye mkutano, maana hata mwalimu wa darasa mwenyewe aliona ni suala la wapi anasimama na mtoto anakaa wapi, na kiti cha mbele hakiombewi bajeti.

HATUA YA 2. Karatasi ya hospitali

Kama unayo, piga fotokopi. Kama huna, anzia kituo cha afya wakupe rufaa, na kwa watoto wenye maji kichwani au mgongo wazi wengi huku mashariki wanapelekwa hospitali ya CURE kule Mbale. Lakini usikae unasubiri daktari miezi sita ndio uandike barua, mkutano unaweza kufanyika bila ripoti, na ombi lako mojawapo likawa hilohilo, shule iandikie ofisi ya elimu ya wilaya mtoto apimwe.

HATUA YA 3. Barua

Fupi. Iandikwe Kiingereza kama kuna mtu wa kukusaidia kwa sababu itazunguka maofisini, ila siku ya mkutano ongea Kiswahili chako au lugha yoyote unayoijua vizuri, usijibane. Ndani iseme hivi:

"Mimi ni mzazi wa (jina), P4. Mtoto wangu ana shida ya kusikia. Naomba tukutane mimi, wewe, mwalimu wa darasa na mwalimu anayeshughulikia mahitaji maalum kabla ya tarehe fulani. Nataka tuongee mambo matatu: anapokaa darasani, namna anavyopewa mitihani, na kama amehesabiwa kwenye takwimu za shule. Nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule."

Hiyo nakala ya mwenyekiti usiisahau, maana hedimasta ndiye katibu wa kamati, ukimwandikia yeye peke yake barua inaweza ikalala kwenye droo hadi muhula uishe. Peleka kopi mbili, moja wabaki nayo, moja wakugongee muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani.

HATUA YA 4. Siku yenyewe

Usiende peke yako. Nenda na dada yako, jirani, au mtafute kaunsela (diwani) wa watu wenye ulemavu wa gombolola, yaani sub-county, yupo mwanamume na yupo mwanamke, wamechaguliwa kwa kazi hiyo. Mmoja anaongea, mwingine anaandika. Kila mkikubaliana kitu uliza nani atafanya na lini, "tutajitahidi" sio jibu. Mwisho soma mlichoandika, wasaini. Wakikataa kusaini usigombane, kesho yake peleka barua inayoanza "kama tulivyokubaliana jana", igongwe muhuri pia.

HATUA YA 5. Pesa

Hapa ndio watu wengi wanapotea. Huku kwetu hakuna bahasha ya serikali yenye jina la mtoto wako. Pesa ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, inaingia akaunti ya shule kwa hesabu ya vichwa, na shule maalum pamoja na zile zenye kitengo maalum zina ruzuku yao pembeni. Kwa hiyo swali la kwanza sio "pesa ya mtoto wangu iko wapi", swali ni: kwenye EMIS, yaani mfumo wa serikali wa takwimu za shule, ameandikwa kuwa ana mahitaji maalum? Kama hajaandikwa, kwa wilaya hayupo.

Swali la pili, ubao wa matangazo wa shule: pesa iliyoingia imebandikwa? Utafiti wa miaka ya 1990 uligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilikuwa zinafikiwa na kama asilimia 13 tu ya pesa ya kila kichwa, ndipo ikaanza kutangazwa magazetini na kubandikwa shuleni. Kwa hiyo ukiusoma ule ubao hujamtukana mtu. Ukiwa mtupu, omba kwa maandishi. Sheria ya kupata habari ya 2005 inaipa ofisi ya serikali siku 21 kukujibu.

Halafu msimu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini bajeti ya wilaya inaanza kupikwa mapema sana, mikutano yake ni huko Oktoba Novemba. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka ombi la karatasi za breli ofisi moja mwezi Mei, nimejipanga, nimevaa tai, jamaa akanicheka, "mwalimu, chungu kimeshaepuliwa." Sasa napeleka Septemba, na napeleka na bei. Usiombe "mazingira rafiki", omba rampu, na karatasi ya fundi inayoonyesha simenti mifuko mingapi, mchanga tripu ngapi, kazi siku ngapi. Kamati ikiona ni kitu kidogo wakati mwingine inamaliza yenyewe hapohapo.

HATUA YA 6. Wakinyamaza

Wiki mbili zikipita, mwandikie DEO, afisa elimu wa wilaya. Asipojibu, CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, ukiambatanisha kopi zote zenye muhuri. Kama shule imemkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake hapo usizunguke, taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 kwenye mstari wa kwanza kabisa.

Na wenye watoto P6, anzeni sasa. UNEB, baraza la mitihani la taifa, inatoa dakika 45 za ziada, maandishi makubwa, breli, mkalimani wa lugha ya alama, ila lazima shule iseme wakati wa kumsajili mtoto, sio wiki ya PLE, ule mtihani wa kumaliza P7.

Zile kopi weka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) juu ya kabati, mbali na mvua na panya. Mtu akikuomba moja "nikapige fotokopi mara moja", nenda naye mpaka kwenye mashine.