Somo: Barua kwa shoga aliyebaki nyumbani

Somo hili niliahidi tangu mfungo mosi, mnisamehe. Niko Hamburg mwaka wa tisa sasa, shoga yangu anafundisha shule ya msingi Pangani. Simu tunazo wote wawili, lakini barua hatujaacha. Nawapa ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1: Anwani. Kwetu tarishi hagongi mlango. Barua inalala sandukuni mpaka mwenye ufunguo aende. Shoga yangu hana sanduku lake, anatumia la shule. Kwa hiyo naandika jina lake, chini yake "kupitia" na jina la shule, kisha S.L.P. na namba, kisha Pangani, Tanga. Mstari wa mwisho ni nchi, kwa herufi kubwa, kwa lugha ya nchi uliyopo wewe unayetuma. Mimi naandika TANSANIA, kwa S. Mpanga barua wa Hamburg hana haja ya kujua Pangani iko wapi, anachotafuta ni nchi tu. Yaliyobaki watayasoma wa nyumbani.

Hatua ya 2: Uzito. Karatasi moja ya kawaida ya A4 ina gramu 5. Tatu pamoja na bahasha zinakaribia gramu 20, na hapo ndipo stempu ya euro 1.25 inapokomea huku Ujerumani tangu mwaka 2025. Jaza pande zote mbili. Tumia peni ya kawaida, si ya wino wa maji: barua yangu ya kwanza ilikutana na unyevu wa pwani, ikafika ukurasa mzima umekuwa ramani ya mto na vijito vyake.

Hatua ya 3: Namba. Hii msiiruke. Barua hupishana njiani, kwa hiyo kila moja iwe na namba juu, na mstari wa kwanza useme: "Yako ya 11 nimeipata, ya 10 bado." Kabla hatujaanza mtindo huu, shoga aliniandikia "usijali, yamekwisha," nami sijui hata yalianza lini. Barua ya ugomvi ilikuja kufika wiki tatu baada ya ile ya msamaha. Nikanuna upya, peke yangu!

Hatua ya 4: Cha kuandika. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Shuleni tulikaririshwa: "Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Salamu hiyo naipenda na bado naitumia, kwa utani. Ila ikiisha, usigeuke taarifa ya habari. Msiba, harusi, bei ya unga, hayo simu imeshayasema. Barua ichukue lile dogo ambalo usingempigia mtu simu kwa ajili yake. Majira ya baridi yaliyopita nilimaliza ukurasa juu ya bibi jirani anayenisafishia theluji mlangoni kabla sijaamka, na nikimshukuru anakana. Shoga akanijibu kurasa mbili juu ya mwembe wa shule uliokatwa: nani alilia, nani alibeba kuni. Kwenye simu ningeyapata wapi hayo, mtandao unakatika na mtoto naye anataka kusalimia?

Halafu muulize swali moja, moja tu, la kumtoa nyumbani. "Yule mzee wa kahawa pale kivukoni, bado anagonganisha vikombe?" Akishatoka kwenda kutazama, jibu limeshaanza kuandikwa.

Hatua ya 5: Pesa usitie. Nilitia noti siku moja. Bahasha ilifika imebandikwa gundi isiyo yangu, na ndani salamu zote zimo, hazikupungua hata moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Muscat: Dada, mwenzangu kimya tangu Ramadhani. Niendelee au nimwache?

Endelea, mpenzi, ila fupi. Nusu ukurasa, na usimlaumu. Barua ya lawama ni ngumu kujibu, kila siku inayopita inazidi kuwa nzito. Mimi nilikaa miezi saba bila kujibu, naye akanitumia karatasi moja yenye maelezo ya kupika boga la nazi, basi. Nikajibu siku ileile.

Mama wa Mombasa, niko Leeds: Rafiki yangu hana sanduku wala hafanyi kazi ofisini.

Aombe ruhusa kutumia la msikiti, kanisa au zahanati. Huko kwenu Kenya kuna pia MPost, inayogeuza namba ya simu kuwa anwani ya posta.

Kijana wa Aarhus: Huku Denmark si wamefuta barua?

Waliofuta ni PostNord, kampuni ya posta ya huko, mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya posta ya nchi hiyo kubeba barua tangu 1624. Kazi hiyo sasa wanayo kampuni nyingine, inaitwa dao. Nenda duka linalopokea vifurushi vyao, uliza bei ya Afrika.

Mdau wa Muscat: Dada, hilo boga linapikwaje?

Menya, kata vipande vikubwa, chemsha na tui jepesi, sukari na hiliki. Tui zito mwisho, moto mdogo, usifunike. Shoga aliandika "usifunike" akapiga mstari mara mbili, ananijua.